Sauti ya Babu Kengele

"Mliniambia marehemu alikula chakula cha mchana?" daktari aliuliza huku akiifunga ripoti ya uchunguzi wa mwili alioufanya jana.

"Sahani ilikutwa tupu mezani kwake," Inspekta Ikupa alijibu.

"Basi aliyekula ni mwingine. Tumboni mwa yule mzee kulikuwa na chai ya asubuhi tu. Hakutia hata kipande cha ndizi."

"Una uhakika, daktari?"

"Afande, ndizi za Rungwe nazijua zikiwa shambani, zikiwa chunguni na zikiwa tumboni. Hazikuwamo."

Ikupa alitoka nje na maneno hayo. Mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza tena, ile isiyo na haraka, inayonyesha kama mgeni aliyekwisha kuonyeshwa kitanda. Koplo Ndimyake alikuwa garini, ameshawasha injini, anafuta kioo kwa mkono wa sweta.

"Wapi, afande?"

"Suma, msibani."

"Wanazika leo. Tutawakuta kwenye salamu za rambirambi."

"Ndiyo maana nina haraka. Wakishafukia kaburi, wageni wa Dar watapanda ndege, na sisi tutabaki na Obed."

Watu wengi nchini hawakulijua jina la Mzee Abrahamu Mwaijande, lakini sauti yake waliijua kama wanavyoijua ya wajomba zao. Kwa miaka mingi alikuwa mtangazaji wa *Kengele ya Tatu*, shindano la maswali la televisheni lililokuwa likiwatoa watu jikoni na kuuacha wali ukiungua. Mshindani aliketi kwenye kigoda. Kengele ya kwanza, afikiri. Kengele ya pili, ajibu. Kisha mzee aliinama, akateremsha sauti yake nzito na kuuliza: "Unasimama nalo?" Mwenye uhakika alinyanyuka. Aliyenyanyuka na jibu la uongo aligongewa kengele ya tatu, nchi nzima ikacheka. Ndiyo sababu hata watoto walimwita Babu Kengele. Alipostaafu alikabidhiwa kengele ile ya shaba iwe kumbukumbu, akarudi nayo kwao Suma, akajenga kijumba chake karibu na nyumba ya mwanawe, akawa mkulima wa migomba na chai kama wenzake.

Kengele hiyo hiyo ndiyo iliyompasua kisogo siku ya Ijumaa.

Mwanawe, Obed, alikuwa mahabusu mjini. Kesho asubuhi angesomewa shtaka la kumuua baba yake, na leo baba yake alikuwa anazikwa bila yeye kutupa hata konzi ya udongo. Ikupa alikuwa amepita kumwona kabla ya kwenda hospitali. Alimkuta ameketi sakafuni, ndevu zimeota ovyo, na alisema neno lile lile alilokuwa akilisema tangu akamatwe: baba alitaka kusimama kanisani na kutubu kwamba washindi wakubwa wa *Kengele ya Tatu* walikuwa wakipewa majibu kabla.

"Na mimi nilimkatalia, sikatai," alisema. "Nilimwambia atatuvua nguo mbele za watu. Lakini alisema hatasimama peke yake. Alisema amemwita mwenzake waje watubu pamoja."

Mwenzake alikuwa Ackson. Zamani Ackson alikuwa akitangaza zawadi tu pembeni ya mzee; sasa kigoda, kengele na umaarufu vyote vilikuwa vyake. Alifika Suma Ijumaa asubuhi kumsalimia mlezi wake, na mchana akaondoka; habari za msiba zikamrudisha kesho yake. Hapo ndipo kesi ya Obed ilipokuwa mbaya. Jirani alimsikia Obed akifoka Alhamisi kwamba ni heri baba yake afe kuliko kuwaaibisha. Yeye ndiye aliyemkuta baba yake sakafuni alipotoka kupeleka majani ya chai, na damu ilikuwa kwenye shati lake na alama za vidole vyake kwenye kengele. Zaidi ya hayo, kulikuwa na masikio mawili yasiyo na ugomvi na mtu. Mkewe, Esnath, aliandikisha kwamba alipeleka chakula mchana na baba akajibu akiwa ndani. Mwendesha bodaboda aliyemfuata Ackson alisema alimsikia mzee kwa masikio yake akiaga kutoka ndani, kabla mlango haujafunguliwa: "Nenda salama, mwanangu, nisalimie Dar."

Kwa hiyo Ackson aliondoka mzee akiwa hai. Aliyeingia baada yake ni Obed.

"Lakini chakula," Ikupa alisema gari lilipoacha lami.

"Labda mzee alimwaga," Ndimyake alisema.

"Mzee wa Kinyakyusa amwage ndizi alizopikiwa na mkwewe?"

Ndimyake alikuwa mtu wa Kyimo. Alibadilisha gia.

* * *

Turubai la msiba lilikuwa limefungwa kati ya nyumba ya Obed na migomba. Wanaume walikaa kwenye mabenchi wamejikunyata ndani ya makoti, wanawake walizunguka masufuria nyuma ya nyumba, na jeneza lilikuwa katikati, juu ya meza, limefunikwa kitambaa cheupe. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi usawa wa paa. Watu waliongea kwa sauti ya chini mno, hata kwa msiba. Baba kuuawa na mwanawe ni jambo linalotisha kijiji kuliko ugonjwa, na kila mzazi pale alikuwa akimtazama mwanawe kwa pembe ya jicho.

Ackson tu ndiye aliyeonekana yuko nyumbani. Aliketi karibu na mchungaji, suti nyeusi, viatu vyenye ncha, na alipomwona Ikupa alinyanyuka na kumpa mikono yote miwili.

"Inspekta wangu. Ugonile?"

"Ndaga. Kumbe unakijua Kinyakyusa."

"Mimi ni wa hapa hapa. Baba yangu ni wa Kyimo. Nilizaliwa Dar na kukulia huko, lakini damu ni ya Rungwe. Mzee alikuwa akinitania kwamba mimi ni Mnyakyusa wa redioni."

"Nina swali dogo. Ijumaa, chakula kilipoletwa, mzee alikula?"

"Alikula vizuri sana." Ackson alitikisa kichwa kwa huzuni. "Kwa hamu kabisa. Nilimwambia, mzee, bado una meno ya ujana."

"Na wewe?"

"Mimi sikugusa. Tumbo lilinisumbua na safari."

"Asante," Ikupa alisema, na hakutaja neno la daktari.

Alimwacha akaenda na Ndimyake kwenye kijumba cha marehemu. Kilikuwa chumba kimoja na sebule ndogo, na mlango wa mbao uliokuwa na ufa mahali ubao ulipokauka. Mbele ya mlango, chini ya upenu, kulikuwa na jiwe bapa. Hapo ndipo mkwe aliweka chakula. Kutoka hapo kinjia kilikata kushoto na kupotea migombani, ili anayeleta asikutane na anayepokea.

"Ingia ndani ufunge mlango," Ikupa alisema. "Kisha useme lolote."

Ndimyake aliingia. Mara sauti yake ikatoka: "Afande, huku kuna baridi."

Sauti ilisikika vizuri. Ikupa aliinama akatazama kwenye ufa kutoka nje. Hakuona kitu ila giza. Kisha waliachiana nafasi, naye kutoka ndani akamwona Ndimyake mzima, kuanzia kofia hadi kiatu. Aliye ndani alimwona aliye nje. Aliye nje alisikia tu.

"Maelezo ya Esnath nani aliyachukua?" aliuliza akitoka.

"Mimi, afande."

"Ulimuuliza kama alimwona mzee?"

Ndimyake alimtazama kana kwamba ameulizwa kama mama yake ni mwanamke. "Afande, amwone vipi? Ni baba mkwe wake, mila inakataza."

"Na mimi niliyasoma nikayapitisha. Sikuuliza kwa sababu hiyo hiyo." Ikupa alilipiga jiwe kwa ncha ya buti. "Hakuna aliyemwona yule mzee, Ndimyake. Wamemsikia."

* * *

Hakumwita Esnath. Aliazima kanga kwa mama mmoja, akajitanda kichwani juu ya koti la polisi, akazunguka kupitia migombani kama wanawake wengine waliobeba maji, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Kilikuwa kibanda cha mabanzi, moshi tele. Wapishi wote walikuwa nje kwenye masufuria makubwa. Ndani alikuwamo Esnath peke yake, ameinamia karai la ndizi na kisu mkononi, na mlango ulipolia aliruka akabandika mgongo ukutani.

"Ni mimi, mama Neema. Ikupa."

Esnath alishusha pumzi. Macho yake yalikuwa yameingia ndani kwa kukosa usingizi.

"Nilishasema yote, afande."

"Ulisema baba alijibu. Alijibuje?"

"Alijibu tu."

Ikupa aliketi kwenye kigoda, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya. Ndizi mbili zilianguka karaini kabla hajasema neno.

"Mimi niliolewa Kyimo," alisema. "Baba mkwe wangu alikuwa na fimbo. Nikileta chakula, nagonga nguzo. Yeye anagonga sakafu kwa fimbo. Nikisikia fimbo, naondoka, ndipo anafungua. Mpaka Mungu anamchukua, sikuwahi kuliona jicho lake, na yeye hakuwahi kunisemesha. Wa kwako alikuwa anafanyaje?"

"Anakohoa," Esnath alisema polepole. "Mara mbili. Nikisikia, napita kinjia."

"Ijumaa alikohoa?"

Kisu cha Esnath kilisimama kwenye ganda.

"Mama Neema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Alikohoa?"

"Hakukohoa."

"Alifanya nini?"

Machozi yalianza kumtoka bila sauti. Alitazama mlango, kisha akatazama mabanzi ya ukuta kama mtu anayetafuta tundu.

"Nikilisema hilo, afande, nitaishi wapi? Wataniuliza nilikuwa na nini na baba wa mume wangu. Mama zake wakubwa wako hapo nje."

"Mume wako anaishi wapi sasa?"

Nje mwanamke alipita akiburuta kuni.

"Aliniita," Esnath alisema kwa sauti ndogo. "Aliniita jina langu. Esnath. Hapa hakuna anayeniita hivyo ila Obed, na Obed tukiwa wawili. Alisema, 'Esnath, mwanangu, asante. Ingia umsalimu mgeni.' Niliona aibu mpaka mwili ulikufa ganzi. Bakuli la maziwa lilinidondoka. Nikaliacha, nikakimbia."

"Ilikuwa sauti ya baba?"

"Ya baba kabisa."

Ikupa aliona aibu yake mwenyewe, na hakuificha moyoni. Polisi wawili wa Rungwe walikuwa na maelezo hayo mkononi, wakayapokea kama watu wanaopokea salamu. Walijua mila mno hata hawakuuliza kama imefuatwa. Laiti angepelekwa askari wa Pwani, angeuliza mambo ya kijinga, na mambo hayo ya kijinga yangemtoa Obed rumande siku ile ile.

"Mgeni alijuaje jina lako?"

"Obed alimwambia asubuhi, akienda kwenye chai. Nilikuwa nafua, nikasikia. 'Mke wangu Esnath atawaletea chakula.'" Kisha Esnath alimshika Ikupa mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. "Afande, si hilo tu. Bado ananiita."

"Nani?"

"Baba. Jana nilikwenda kukata majani ya migomba, akaniita. Leo nimekwenda kisimani, akaniita. 'Esnath, mwanangu. Sema kama ulivyosema.' Hivyo tu. Nageuka, hakuna mtu. Mimi naogopa. Naona amekasirika kwa sababu nimeficha, na akizikwa na hasira hiyo itawaangukia wanangu."

Ikupa alifungua mdomo amwambie kwamba wafu hawafundishi mashahidi maneno ya kusema. Hakuwahi.

"Esnath."

Sauti ilipita kwenye mabanzi, nyuma yao, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kunyoosha mkono akaigusa. Nzito, ya upole, yenye kukwaruza kidogo mwishoni. Ikupa alikuwa ameisikia sauti hiyo kila Jumamosi ya utoto wake, amekaa kwenye mkeka wa jirani mwenye televisheni. Mwenye sauti alikuwa amelala ndani ya jeneza, hatua chache kutoka hapo, na yeye mwenyewe alishuhudia asubuhi ya Jumamosi akifungwa taya kwa kitambaa.

"Esnath, mwanangu. Polisi wamerudi. Sema kama ulivyosema."

Ikupa aliogopa. Vinyweleo vilimsimama, na kwa muda huo mfupi alikuwa binti wa Rungwe aliyelelewa na bibi, wala si afisa wa upelelezi. Esnath alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Kisha Ikupa alikumbuka sahani tupu. Mzimu haujali kama polisi wamerudi. Alijitoa kwenye kigoda, akasukuma mlango wa nyuma na kutoka.

Ukungu. Migomba imesimama kimya, maji yakidondoka majanini. Jani moja pana lilikuwa bado linacheza wakati mengine yametulia. Hakukimbilia lile jani. Mtu aliyeua mara moja anaweza kuwa nyuma ya mgomba wowote, naye hakuwa na bastola, alikuwa na kisu cha kumenyea ndizi. Aliinama mahali sauti ilipotokea. Kwenye tope, chini ya ukuta wa mabanzi, kulikuwa na alama za viatu. Waombolezaji wa Suma walikuja na mabuti ya mvua na kandambili. Alama hizi zilikuwa na ncha mbele.

Aliita kwa simu, kwa kunong'ona. "Ndimyake, njoo upige picha hizi alama kisha uzifunike. Usimwambie mtu. Na huyu mama asiachwe peke yake hata kidogo."

Aliporudi chini ya turubai, Ackson alikuwa ameketi pale pale karibu na mchungaji, mikono juu ya magoti. Wenzake wote kwenye benchi walikuwa wakavu. Mabega ya suti yake yalikuwa yamelowa, na jani dogo lililooza lilikuwa limenata nyuma ya kola.

Angeweza kumkamata hapo hapo. Lakini kwa lipi? Viatu vyenye ncha si kosa, na mtu kulowa Rungwe ni jambo la kila siku. Wakili wa mjini angeicheka mila ya Esnath mpaka ianguke chini. Jambo hilo lilihitaji kutoka kinywani mwa Ackson mwenyewe, mbele ya watu wanaolielewa. Ikupa aliivuta kanga ya kuazima begani, akaenda kuketi na wanawake.

* * *

Aliyeongoza salamu alikuwa Mzee Ambilikile, mdogo wa marehemu, mzee wa kanisa mwenye sauti kavu. Walisema majirani, wakasema wakulima wa chai, akasema mchungaji. Kisha alimkaribisha "kijana wetu wa televisheni," na hata wapishi walitoka nyuma ya nyumba wakija kusikiliza. Esnath alikuja nao, Ndimyake nyuma yake.

Ackson alishika kipaza sauti. Aliongea vizuri, hiyo ilikuwa kazi yake. Alieleza jinsi mzee alivyomtoa kwenye kubeba nyaya studioni, akamfundisha kusimama, kupumua, kunyamaza kabla ya jibu. Watu walifuta machozi. Mtu mmoja nyuma aliomba amwigize mzee kidogo, kwa kumbukumbu. Ackson alikataa, akaombwa tena, akainamisha kichwa.

"Mabibi na mabwana," alisema kwa sauti ya marehemu, "kengele ya pili imelia."

Kilio kilipanda chini ya turubai. Wengine walicheka huku wakilia. Esnath alitoa sauti ndogo kama mtu aliyechomwa na mwiba, akakamata mkono wa Ndimyake. Alikuwa anatazama mdomo wa Ackson. Kwa mara ya kwanza aliiona sauti ile inakotoka.

Ikupa alisimama.

"Mzee Ambilikile, naomba nimuulize mgeni neno moja kwa niaba ya familia."

"Uliza, mwanetu."

"Kaka Ackson, wewe ndiwe uliyekuwa na mzee mwishoni. Mkwewe alipoleta chakula, mzee alimwambia nini? Ni maneno ya mwisho kwa nyumba yake. Wangependa kuwa nayo."

Ackson alifikiri kidogo. Ikupa aliona jinsi alivyofurahi, ingawa uso ulibaki wa huzuni. Mfanyabiashara aliyekuwa akitafuta mnunuzi alikuwa ameletewa mnunuzi mlangoni.

"Nitawaambia, na nitayabeba maneno hayo maisha yangu yote," alisema. "Tulikuwa tumekaa ndani. Mama akaja na chakula. Mzee akainuka mwenyewe hadi mlangoni, akamwita kwa upendo: 'Esnath, mwanangu, asante. Ingia umsalimu mgeni.' Ndivyo alivyokuwa anampenda mkwewe. Na mwenyewe yupo pale, ni shahidi wangu."

Mvua ilisikika juu ya turubai. Bibi mmoja aliivuta kanga mpaka mdomoni, na kwenye mabenchi ya wanaume wazee waliinua vichwa mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Ackson, kisha wakatazamana.

"Alimwita jina," Ikupa alisema. "Akamkaribisha ndani."

"Kabisa."

"Unasimama nalo?"

Ackson alitabasamu kidogo kwa kusikia maneno ya kipindi chake mahali kama pale, na bila shaka aliona ni heshima kwa marehemu.

"Nasimama nalo."

Alisubiri. Alikuwa amezoea kwamba baada ya hapo hufuata makofi au kengele. Havikufuata. Dada mkubwa wa marehemu, Bibi Tuntufye, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenyanyua uso kutoka kwenye jeneza, alinyanyuka kwenye mkeka kwa kushikiliwa.

"Gwe kijana," alisema, "ulisema baba yako ni wa Kyimo?"

"Ndiyo, bibi."

"Hakukufundisha kitu?"

Ackson aliwatazama watu, benchi hadi benchi, akitafuta kosa lake kwenye nyuso zao asilione. Kila aliyekuwa pale alilijua, hata wasichana waliobeba vikombe, na hakuna aliyemsaidia. Rangi ilianza kumtoka. Ikupa alikuwa ameiona hofu hiyo siku ile ile machoni mwa Esnath jikoni; sasa ilikuwa imehama na kupata mwenyewe.

Esnath aliuachia mkono wa Ndimyake. Alipita kati ya wanawake, akapita mbele ya mama zake wakubwa wa ukweni aliokuwa akiwaogopa, akasimama kando ya jeneza.

"Baba hajawahi kuniita," alisema. Sauti yake ilifika hadi benchi la nyuma. "Tangu niolewe hapa. Alikuwa akikohoa mara mbili, napita zangu. Aliyeniita Ijumaa ni huyu. Baba alikuwa ameshakufa humo ndani, na huyu akala chakula chake."

Ackson alifungua mdomo kujibu. Hakikutoka kitu, wala cha sauti yake wala cha sauti ya mzee. Ndimyake alikuwa tayari nyuma yake, na wanaume wawili wa Suma walikuwa wamesimama mahali njia inapotokea barabarani.

Ikupa alimchukulia kipaza sauti mkononi taratibu na kumrudishia Mzee Ambilikile. Mzee huyo alikitazama muda, kana kwamba amesahau kinavyotumika. Kisha alimgeukia mchungaji.

"Tunaomba mazishi yangoje," alisema. "Afande, huyo mwana wetu tuletee hata kwa pingu. Asiyeruhusiwa kuzika ndiye mwenye msiba."

Ikupa alikuwa ameshaanza kupiga simu mjini. Wanawake walirudi kwenye masufuria, wakaongeza kuni. Wanaume walikaa tena kwenye mabenchi, wakafunga makoti, na jeneza likabaki juu ya meza likimsubiri Obed.